HISTORIA YA DAWA YA MAUMIVU YA SARATANI, NA SAFARI YAKE KUTOKA HOSPITALI HADI NYUMBANI

Somo la redio kwa madarasa ya elimu ya watu wazima, Shinyanga na Geita

  Natumaini mmekwisha kaa, taa inawaka, na kila mmoja ana kalamu na daftari lake. Kabla hatujaanza, andika tarehe ya leo juu ya ukurasa. Usione kuwa ni jambo dogo. Kabla somo halijaisha utaona kwamba tarehe iliyoandikwa vizuri yaweza kumpunguzia mtu maumivu.

Katika somo lililopita tulifuata reli kutoka Tabora mpaka Mwanza, reli iliyopita hapa Shinyanga na kufika ziwani mwaka wa 1928. Leo tutafuata njia nyingine, njia ya dawa. Tutatazama dawa ya maumivu ya saratani ilitoka wapi, ilifikaje kwetu, na kwa nini hata baada ya kufika hupotea mara nyingi kati ya hospitali moja na nyingine.

Mimi si daktari. Mimi ni afisa elimu. Sitakuambia mgonjwa wako anywe dawa gani, wala kiasi gani. Hiyo ni kazi ya waganga wa hospitali. Lakini liko jambo moja ambalo mwalimu aweza kulisema. Dawa hii hupita katika mikono mingi, na kamba inayoifunga mikono hiyo pamoja ni maandishi. Ikikatika kamba hiyo, mgonjwa huumia ingawa dawa ipo.

1. Ugonjwa na maumivu yake

Saratani, au kansa kama wengi wanavyoiita, ni ugonjwa wa mwili kuota nyama isiyotakiwa. Nyama hiyo hukua bila mpaka, husukuma mishipa, hula mifupa, na huweza kusafiri kutoka kiungo kimoja mpaka kingine. Katika Tanzania saratani ya shingo ya kizazi huwapata wanawake wengi kuliko saratani nyingine. Katika mikoa ya kando ya Ziwa Viktoria iko pia saratani ya kibofu, ambayo mara nyingine hutokana na kichocho cha mkojo kilichokaa mwilini miaka mingi bila kutibiwa. Tena watoto wa nchi hizi huweza kupata uvimbe mkubwa wa taya. Dakta Denis Burkitt, aliyekuwa akifanya kazi Kampala, aliueleza uvimbe huo katika maandishi yake ya mwaka wa 1958, na mpaka leo unaitwa kwa jina lake.

Si kila saratani inauma tangu mwanzo. Lakini ugonjwa ukiendelea, wagonjwa wengi hupata maumivu makali yanayodumu usiku na mchana. Maumivu ya jino huja na kwenda, na maumivu ya uzazi yana mwisho wake. Maumivu ya saratani hukaa. Mgonjwa halali, hali chakula, hataki kusema na mtu. Watu wa nyumbani nao hawalali, maana ni nani awezaye kulala hali mama yake analia chumba cha pili?

Wazee wetu walijua kuyatafutia maumivu dawa. Katika Usukuma bafumu walitumia mizizi na majani, na wengine wanatumia mpaka leo. Watu wa nchi nyingine nao walikuwa na mimea yao. Mmea mmoja katika hiyo ndio uliobadilisha mambo ya dunia nzima.

2. Afyuni yageuka dawa

Huko Asia hulimwa mmea wenye ua zuri. Kichwa cha mmea huo kikichanjwa kwa kisu hutoa utomvu mweupe. Utomvu huo ukikauka ndio afyuni. Kwa Kiswahili cha zamani afyuni iliitwa pia kasumba. Leo tukisema mtu ana kasumba, maana yake amelewa mawazo mabaya yasiyomtoka. Neno hilo latuonyesha kwamba watu wa pwani waliijua afyuni na waliijua hatari yake.

Afyuni huondoa maumivu, lakini nguvu zake hazipimiki vizuri. Kipande kimoja kina nguvu nyingi, kingine kidogo. Mganga akimpa mgonjwa, hajui amempa kiasi gani. Basi, karibu na mwaka wa 1805, kijana mmoja wa Ujerumani aitwaye Friedrich Sertürner, mfanyakazi katika duka la dawa, aliweza kutenga ndani ya afyuni kile kitu chenyewe kinacholeta usingizi na kuondoa maumivu. Alikipa jina kutokana na Morpheus, mungu wa ndoto wa Wayunani wa kale. Sisi twaiita mofini. Katika karatasi za hospitali utaiona imeandikwa Morphine. Iandike mara mbili katika daftari lako, kwa Kiswahili na kama inavyoandikwa hospitalini, ili siku utakapoiona uitambue.

Faida ya kazi ya Sertürner ilikuwa kipimo. Tangu hapo daktari aliweza kusema, "Mpe kiasi hiki," na daktari wa mji mwingine akaelewa na kufanya vile vile. Mwanzo wa kushirikiana kati ya waganga ni kuwa na kipimo kimoja.

3. Kufuata saa

Kwa miaka mingi mofini ilitolewa zaidi kwa sindano, tena mgonjwa alipokuwa amekwisha zidiwa. Waganga waliogopa kwamba akipewa mara kwa mara atazoea na kuwa mlevi wa dawa. Kwa hiyo mgonjwa alisubiri mpaka alie, ndipo achomwe. Dawa ikiisha nguvu, hulia tena. Siku nzima ilikuwa ni kulia na kusinzia, kusinzia na kulia.

Mwingereza mmoja, Bibi Cicely Saunders, hakuridhika na desturi hiyo. Alikuwa muuguzi, kisha mfanyakazi wa ustawi wa jamii, kisha akasoma udaktari akiwa mtu mzima. Ninyi mliorudi darasani mkiwa na wajukuu, mkumbukeni. Kuanzia mwaka wa 1958 alifanya kazi katika nyumba ya wagonjwa mahututi huko London, akiwapa mofini ya kunywa kwa kufuata saa. Hakungoja maumivu yarudi. Dawa ya kwanza ilipokaribia kuisha nguvu, ya pili ilikuwa tayari imenywewa. Akaona wagonjwa wanatulia, wanakula, wanazungumza na jamaa zao, na akili zao ni timamu. Mwaka wa 1967 alifungua hospitali yake huko huko London, iitwayo St Christopher's, na waganga wa nchi nyingi walikwenda kujifunza kwake.

Mwaka wa 1986 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu kidogo cha kufundisha jambo hili kwa nchi zote. Mafundisho yake yalikuwa rahisi. Dawa inywewe kwa mdomo ikiwezekana. Itolewe kwa saa. Tena ipande kama ngazi yenye vidato vitatu: kwanza dawa nyepesi kama aspirini au parasetamoli, pili dawa ya kati kama kodeini, tatu mofini. Mwaka wa 2018 Shirika hilo liliyatazama upya mafundisho hayo. Lilisema ngazi ni mwongozo wa jumla tu, na kila mgonjwa apimwe kwa hali yake mwenyewe. Lakini saa ilibaki pale pale.

4. Sheria ya mwaka wa 1961

Mwaka wa 1961 twaukumbuka kwa uhuru wa Tanganyika, tarehe 9 Desemba. Mwezi wa Machi mwaka ule ule, mjini New York, mataifa yalitia sahihi mapatano makubwa juu ya madawa ya kulevya. Mapatano hayo yana pande mbili. Upande mmoja yanazuia dawa kama mofini zisiingie mikononi mwa wafanya magendo. Upande wa pili yanakiri kwamba dawa hizo ni za lazima kwa kuondoa maumivu, na kwamba kila nchi yapaswa kuhakikisha wagonjwa wake wanazipata.

Kwa muda mrefu nchi nyingi ziliutazama upande wa kwanza na kuusahau wa pili. Mofini ilifungiwa kabatini, na ufunguo ukawa mbali. Katika Tanzania zilitungwa sheria kali dhidi ya madawa ya kulevya mwaka wa 1995 na tena mwaka wa 2015. Ni sheria njema, maana madawa hayo yameharibu vijana wengi. Lakini mganga aliyeidhinishwa, akimwandikia mofini mgonjwa wa saratani kwa utaratibu uliowekwa, havunji sheria yo yote. Wala mgonjwa anayeinywa kwa kipimo cha daktari hafanyi kosa.

Sikilizeni sasa jinsi hesabu inavyofanywa, maana inahusu kijiji chako. Kila mwaka kila nchi hupeleka makisio ya dawa hizi kwenye Bodi ya Kimataifa iliyoko Vienna, katika nchi ya Austria. Makisio yanapaswa kutokana na mahitaji ya hospitali. Sasa fikiri. Hospitali isipoandika kwamba iliwapa wagonjwa mofini, au kwamba wagonjwa walikuja na dawa haikuwapo, yaonekana kama kwamba haihitaji. Mwaka unaofuata italetewa kidogo. Mgonjwa wa Rwamagasa asiyeandikwa katika daftari la zahanati haonekani Geita, haonekani Dodoma, na huko Vienna hayumo katika hesabu.

5. Dawa yafika Afrika ya Mashariki

Katika nchi zetu huduma hii ilianza kwa juhudi za watu wachache. Mwaka wa 1990 ilianzishwa Nairobi Hospice nchini Kenya. Mwaka wa 1993 daktari Mwingereza aliyefanya kazi huko, Bibi Anne Merriman, alikwenda Kampala akaanzisha Hospice Africa Uganda. Yeye alijua njia rahisi ya kutengeneza mofini ya kunywa. Unga wa mofini huchanganywa na maji na kitu cha kuzuia isioze, kisha hutiwa katika chupa. Bei yake ilikuwa ndogo, na mtu aliweza kuinywa nyumbani kwake bila sindano. Tena waliitia rangi kufuata nguvu yake, ili mtu asiyejua kusoma aweze kutofautisha. Ile ya nguvu kidogo ilikuwa ya kijani, na ile yenye nguvu mara 10 ilikuwa ya pinki.

Shida ya pili ilikuwa uhaba wa madaktari. Kijijini daktari hayupo, yupo muuguzi. Basi mwaka wa 2004 Uganda ilibadilisha kanuni zake, ikaruhusu wauguzi na waganga wasaidizi waliofundishwa hasa kazi hii wawaandikie wagonjwa mofini. Jambo hilo lilisifiwa sana katika Afrika.

Hapa Tanzania habari hii yaanza na hospitali ya Ocean Road, mjini Dar es Salaam. Ilijengwa na Wajerumani, ambao wazee wetu waliwaita Wadachi, na ilifunguliwa mwaka wa 1897. Karibu miaka 100 baadaye, mwaka wa 1996, ilifanywa kuwa taasisi ya saratani ya taifa inayojitegemea. Kwa miaka mingi Ocean Road ilikuwa mlango mkubwa wa mofini ya kunywa katika nchi yetu. Huko Arusha, hospitali ya Selian ya Kanisa la Kilutheri ilianza mwaka wa 1999 kuwafuata wagonjwa nyumbani, na kazi hiyo ikaenea katika hospitali nyingine za Kanisa hilo. Huduma ya namna hii kwa Kiswahili chetu huitwa tiba shufaa. Ni huduma ya kumtuliza mgonjwa na jamaa zake, hata pale ambapo ugonjwa hauponi.

Mwezi wa Mei mwaka wa 2014, katika mkutano mkuu wa afya huko Geneva, mataifa yalikubaliana kwamba huduma hii isikae katika hospitali kubwa peke yake. Ifike mpaka zahanati, mpaka nyumbani.

6. Njia ya mgonjwa wa Shinyanga na Geita

Sasa turudi nyumbani. Mgonjwa wa saratani wa zamani, akiwa Shinyanga, alipelekwa kwa gari moshi au kwa basi mpaka Dar es Salaam, safari ya karibu kilomita 1,000. Wengi hawakwenda. Mambo yalianza kubadilika hospitali ya Bugando, iliyofunguliwa Mwanza mwaka wa 1971, ilipoanzisha idara ya saratani, na baadaye ikapata na mashine za mionzi. Bugando ni hospitali ya rufaa ya Kanda ya Ziwa. Kutoka Shinyanga mpaka huko ni kilomita kama 160.

Mgonjwa wa Geita alikuwa na shida nyingine, nayo ni maji. Ilimpasa kuvuka Ghuba ya Mwanza kwa kivuko, kati ya Busisi na Kigongo. Wako wagonjwa waliolala Busisi wakingoja kivuko, na dawa yao iko ng'ambo. Mwaka wa 2025 lilifunguliwa daraja la urefu wa kilomita kama 3, na sasa watu hupita kwa gari.

Barabara imekuwa nzuri, lakini mikono imeongezeka. Hesabu pamoja nami. Mtu wa Geita akiugua, pengine huanza kwa mfumu. Kisha duka la dawa. Kisha zahanati, kituo cha afya, hospitali ya wilaya, hospitali ya mkoa, na mwisho Bugando. Hiyo ni mikono 7. Kisha hurudi nyumbani, na kila mkono waweza kumpa dawa tena. Na Geita ni nchi ya dhahabu. Wachimbaji wadogo huhama. Leo wako Nyarugusu, mwezi ujao wamesikia dhahabu imeonekana Kahama, wanakwenda. Mama mzee humfuata mwanawe. Zahanati iliyomjua jana, leo iko mbali.

7. Mfano wa karatasi moja

Nitatoa mfano. Nimeutunga mwenyewe kwa ajili ya somo, wala haumhusu mtu fulani. Lakini kila jambo lililomo huweza kutokea.

Bibi mmoja mwenye saratani anakaa na mwanawe, mchimbaji, karibu na Geita. Hospitali imempa chupa ya mofini, na karatasi yenye saa za kuinywa: 6, 10, 14, 18, 22 na 2. Mwandishi wa karatasi alihesabu saa kwa namna ya Kizungu. Kwetu sisi saa hizo ni saa 12 alfajiri, saa 4 asubuhi, saa 8 mchana, saa 12 jioni, saa 4 usiku na saa 8 usiku. Kila baada ya saa nne, mara sita kwa siku.

Mwanawe anajua kusoma tarakimu. Akaona 6, akampa mama yake saa 6 mchana. Akaona 10, akampa saa 10 jioni. Akaona 2, akampa saa 2 usiku. Akaona 14, 18 na 22, akasema, "Saa za namna hii hazipo," akaziacha. Basi bibi alikunywa mara tatu. Kutoka saa 2 usiku mpaka saa 6 mchana wa kesho yake ni saa 16. Saa 16 bila dawa!

Wakarudi hospitali. Muuguzi akamwamkia, "Shikamoo, bibi."

"Marahaba, mwanangu."

"Dawa unakunywa, bibi?"

"Nakunywa, mwanangu, kama mlivyoandika."

"Na maumivu?"

"Yananiua usiku."

Bibi alisema kweli kama alivyojua, na muuguzi naye aliuliza vizuri. Lakini hakuna aliyeuliza, "Saa ngapi na saa ngapi?" Daktari akafikiri kwamba vipimo sita kwa siku havitoshi. Akaongeza nusu, jumla ikawa sawa na vipimo 9 vya zamani.

Wiki ile ile kijana akapata habari za dhahabu, akampeleka mama yake kwa dada yake huko Kahama. Dada yake amezoea saa za Kizungu, maana alifanya kazi dukani. Akampa mama dawa mara sita, kama ilivyoandikwa. Fanya hesabu. Bibi alikuwa akipata vipimo 3 kwa siku, sasa anapata 9. Ni mara tatu kwa siku moja. Bibi akalala, akawa haamki vizuri, na pumzi zikawa za polepole. Binti akampigia simu kaka yake akilia, "Kaka, mama ameshindwa, dawa imemwua!" Jirani akamshika mkono, wakampeleka bibi hospitali ya karibu upesi, na chupa mkononi. Huko waganga wakaisoma chupa, wakajua la kufanya, na bibi akaamka.

Tazama sasa. Hospitali ilitoa dawa njema. Kijana alimpenda mama yake, na binti vile vile. Kosa lilikaa katikati yao, mahali ambapo hapakuwa na mtu.

Yako makosa mengine ya jamii hiyo hiyo. Dukani wanampa Panadol, na zahanati wamempa parasetamoli, naye hunywa zote mbili. Ni dawa ile ile kwa majina mawili, na ikizidi huharibu ini. Au hospitali moja imempa vidonge vya kupoza maumivu, na nyingine vingine vya jamii hiyo hiyo, vikaungana kumtoboa tumbo. Au amepewa mofini, lakini dawa ya kulainisha choo, ambayo hapana budi kwa kawaida iende pamoja nayo, imebaki kwenye karatasi nyingine. Siku ya tano tumbo limefunga, na jamaa wanasema mofini ni sumu, wanaimwaga.

Liko na kosa la kijiko. Katika chupa, mililita ni wingi wa maji. Miligramu ni wingi wa dawa iliyomo ndani ya maji hayo. Zile chupa za Uganda ni mfano mzuri. Katika mililita 5 za chupa ya kijani mna miligramu 5 za mofini. Katika mililita 5 za chupa ya pinki mna miligramu 50. Kijiko ni kile kile, lakini dawa ni mara 10. Kwa hiyo ukibadilishiwa chupa, au ukienda hospitali nyingine, usiseme tu, "Anakunywa kijiko kimoja." Onyesha chupa yenyewe.

8. Daftari la dawa

Ndugu mwanafunzi, sasa twaja kwenye kazi yako. Kama nyumbani kuna mgonjwa wa saratani, mnunulie daftari moja. Liwe lake peke yake. Liende naye kila mahali, kwa mganga wa hospitali, kwa muuza dawa, na hata kwa mfumu. Mstari wa kwanza andika jina lake na jina la hospitali inayosimamia dawa yake ya maumivu. Chini yake piga mistari, na kwa kila dawa andika mambo haya:

Kwanza, jina la dawa kama lilivyo kwenye chupa au pakiti.

Pili, nguvu yake, yaani miligramu ngapi katika kidonge, au miligramu ngapi katika mililita ngapi.

Tatu, kiasi cha kunywa na saa zake. Andika saa kwa Kiswahili, na useme asubuhi, mchana, jioni au usiku. Ukikuta karatasi imeandikwa 1 x 3, uliza maana yake: kidonge kimoja mara tatu kwa siku. Kisha uliza ni saa ngapi.

Nne, nani aliyeitoa, na tarehe gani. Hii ndiyo ile tarehe niliyokuambia mwanzoni.

Kila jioni mwulize mgonjwa maumivu yake kwa vidole. Ngumi iliyofungwa ni hakuna maumivu. Kidole kimoja ni kidogo. Vidole vitano ni makali kuliko yote. Andika namba. Andika pia kila mara aliyokunywa dawa, na mara aliyoikosa. Daktari akiona kwamba saa 12 alfajiri siku zote ni vidole vitano, na usiku hakunywa, atajua shida iko wapi kabla hajaongeza dawa.

Halafu kuna mambo matatu ya kushika. Usimwongezee wala usimpunguzie mgonjwa mofini kwa shauri lako. Usiikatishe ghafula, chupa ikikaribia kuisha, hesabu siku zilizobaki na siku za safari, uende mapema. Na uifungie mbali na watoto. Mgonjwa akifariki, dawa iliyobaki irudishwe hospitali. Ukiona mgonjwa haamki au anapumua polepole mno, usingoje asubuhi. Mpeleke hospitali ya karibu pamoja na chupa zake zote na daftari.

Watu wengine watakuambia kwamba mofini huwafanya wagonjwa kuwa walevi, au kwamba humharakisha mtu kufa. Historia tuliyosoma leo yajibu. Ikipimwa vizuri na kufuatwa kwa saa, hutuliza maumivu bila kuufupisha uhai. Siku za kwanza mgonjwa husinzia kidogo, kisha huzoea.

Ndugu zangu, ilichukua zaidi ya miaka 180, tangu yule kijana wa Ujerumani mpaka chupa ya kwanza iliyochanganywa Kampala. Sehemu iliyobaki ya njia ni fupi. Ni kutoka Bugando mpaka mlangoni kwako, na kutoka kitanda hiki mpaka hospitali ile. Sehemu hiyo haihitaji Mzungu wala daktari bingwa. Yahitaji mtu wa nyumbani mwenye kalamu. Mwaka jana pengine hukuweza. Leo waweza.

 

MANENO YA KUJIFUNZA

Afyuni: utomvu mkavu unaotoka katika mmea wa Asia, ndani yake hutoka mofini.
Mofini: dawa kali ya kuondoa maumivu.
Rufaa: kumpeleka mgonjwa kutoka hospitali ndogo mpaka kubwa.
Tiba shufaa: huduma ya kumtuliza mgonjwa na jamaa zake.
Miligramu: kipimo cha wingi wa dawa.
Mililita: kipimo cha wingi wa maji.

MASWALI YA KUZUNGUMZA DARASANI

1. Kwa nini Bibi Saunders aliwapa wagonjwa dawa kabla maumivu hayajarudi?
2. Mapatano ya mwaka wa 1961 yana pande mbili. Zitaje.
3. Andika kwa saa za Kiswahili: 6, 10, 14, 18, 22 na 2.
4. Chupa ina dawa ya siku 14. Safari ya kwenda hospitali na kurudi ni siku 3. Ni siku gani uondoke, ukitaka ibaki akiba ya siku 1?
5. Katika mfano wa bibi, swali gani moja lingezuia madhara yote? Nani katika jamaa au hospitali angeweza kuliuliza?
6. Piga mistari ya daftari la dawa katika ukurasa mmoja, kisha mwonyeshe mwenzako alisome kwa sauti.